Fungu la Mjumbe: Wanawake na Wanaume katika Matumizi ya Fedha za Uwakilishi

Ngeli za Kiswahili hazipambanui mke na mume. Mtu akisema, "Mbunge ametumia fungu lake vizuri," msikilizaji hapati katika usemi huo dalili yoyote ya kumjulisha kama mbunge huyo ni mwanamke au ni mwanamume. Hilo ni jambo la lugha. Lakini nyuma yake liko swali la utawala, nalo ni hili: je, mwanamke akikabidhiwa fedha za umma, fedha hizo huenda mahali pengine kuliko pale ambapo mwanamume angezipeleka? Swali hili si la kupitisha wakati, kwa kuwa nchi nyingi zimetenga viti vya wanawake kwa kutumaini kwamba jibu lake ni ndiyo.

Kwanza yafaa kutenganisha mambo ambayo aghalabu huchanganywa. Fedha zimhusuzo mjumbe ni za namna tatu. Ya kwanza ni mshahara wake, ambao ni mali yake mwenyewe. Ya pili ni fungu la ofisi, yaani fedha za kuwalipa makarani na wasaidizi, kupanga nyumba ya ofisi, kusafiri na kupeleka barua. Ya tatu ni fedha za maendeleo ya watu anaowawakilisha, kama vile visima, barabara na madarasa. Katika hiyo ya kwanza umma hauna la kuuliza. Katika hizo mbili una haki ya kudai hesabu.

Mfano ulio wazi wa fungu la ofisi ni ule wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, lenye wajumbe 435 wenye kura. Tangu mwaka 1996 kila mjumbe amekuwa akipewa fungu moja badala ya mafungu kadhaa ya zamani, na kwa fungu hilo aweza kuajiri watumishi wa kudumu wasiozidi 18, pamoja na wengine wanne wa namna maalumu. Haruhusiwi kulitumia kwa haja zake binafsi wala kwa kampeni za uchaguzi, na hesabu zake hutangazwa kila baada ya miezi mitatu. Mtu angedhani basi kwamba kazi imekwisha: ni kujumlisha hesabu za wanawake upande mmja na za wanaume upande wa pili, kisha kulinganisha. Lakini sivyo. Sehemu ya fungu hilo hukadiriwa kwa umbali wa jimbo kutoka Washington, kwa kodi ya nyumba za ofisi jimboni, na kwa wingi wa anwani za wakazi. Mjumbe wa Hawaii na mjumbe wa Virginia hawatalingana katika gharama za safari hata wakiwa wanawake wote wawili. Asiyeangalia hayo ataihesabu bahari kuwa ni tabia ya mtu.

Iko na hitilafu ya pili, ambayo ni ya ndani zaidi. Mwaka 2011 wataalamu Sarah Anzia na Christopher Berry walionyesha kwamba wajumbe wanawake wa Baraza hilo walivutia kwenye majimbo yao fedha za serikali kuu zilizozidi zile za wanaume kwa karibu asilimia 9. Maelezo yao hayakuwa kwamba mwanamke ana maumbile ya kuvuta fedha. Walisema kwamba mlango wa siasa ni mwembamba zaidi kwa mwanamke, hata yule anayefaulu kuupita huwa ni hodari kupita kiasi cha kawaida. Ikiwa ni hivyo, tofauti iliyoonekana ni ya mchujo.

Katika Afrika ya Mashariki ugumu ni wa namna nyingine, maana sheria yenyewe hugawanya mifuko. Nchini Kenya wabunge wa majimbo 290 wana mfuko wa maendeleo ya jimbo, ambao asili yake ni sheria ya mwaka 2003. Wawakilishi wanawake wa kaunti 47 wanahusika na mfuko mwingine, uliokusudiwa wanawake, vijana, walemavu, wazee na watoto wenye shida. Nchini Tanzania mfuko wa kuchochea maendeleo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, hufuata jimbo. Na wabunge wanawake walio wengi huingia kwa viti maalumu visivyo na jimbo. Kwa hiyo mwenye kumwona mwakilishi wa kaunti akisaidia vikundi vya akina mama asiseme upesi kwamba huo ndio moyo wa kike. Huenda ni kifungu cha sheria tu.

Ushahidi ulio bora umetoka India. Tangu miaka ya kati ya 1990, angalau theluthi moja ya nafasi za wakuu wa mabaraza ya vijiji imetengwa kwa wanawake, na mabaraza hayo huteuliwa kwa utaratibu usiotazama utajiri wala siasa ya kijiji. Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo walichunguza mabaraza 265 katika Bengali ya Magharibi na Rajasthan, wakatoa matokeo yao mwaka 2004. Pale mkuu alipokuwa mwanamke, fedha nyingi zaidi zilikwenda kwenye maji ya kunywa, na maji ndiyo wanawake waliyoyalalamikia sana. Kuhusu barabara mambo yaligeuka: huko Bengali, ambako wanawake pia walizitaka, ziliongezeka, huko Rajasthan, ambako waliozitaka zaidi ni wanaume, zilipungua.

Tofauti hii ya mwisho ndiyo yenye mafunzo. Kama ingekuwa ni maumbile, wanawake wa sehemu zote mbili wangeamua mamoja juu ya barabara. Hawakuamua mamoja, kwa sababu kazi zao za kila siku si moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; na achotaye maji kila alfajiri ajua umbali wa kisima kuliko ayanywaye tu.

Basi mwenye kutaka kupima matumizi ya wajumbe na aulize kwanza mambo matatu: fungu limekadiriwaje, sheria imeruhusu nini, na mjumbe amepitia mlango gani. Tofauti itakayobaki baada ya hayo ndiyo ya kuitafutia sababu, na huko India ilikuwa ni maji karibu na nyumba.