Kompyuta ya sebuleni isiyopiga kelele: kwa nini feni inalia, na ununue nini kwa hela kidogo

Tuanze na swali ambalo muuzaji hapendi umuulize: unaihitaji kweli? Kama unachofanya ni kuchomeka flashi kwenye TV na kuangalia muvi ulizoingiziwa kwenye kibanda pale Mpanda mjini, TV yako inatosha, usinunue chochote. Kompyuta ya sebuleni inaanza kuwa na maana pale TV inapogoma kusoma baadhi ya mafaili, au pale unapotaka kwaya, muvi, picha za harusi na masomo ya watoto vikae sehemu moja badala ya kwenye flashi saba ambazo kila siku moja imepotea.

Swali hili nililetewa na dada yangu anayeishi Kabungu, wilaya ya Tanganyika. Ameuza mahindi, ametenga laki tatu na nusu, TV anayo, anataka mashine ya kuunganisha kwenye TV. Sharti lake ni moja: isipige kelele. Wengine walimcheka, kwamba kelele ya kompyuta ni kitu cha kuwaza kweli? Ni cha kuwaza. Nyumba yake ni ya bati, haina dari, na kuta za ndani haziendi hadi juu. Sauti ya sebuleni inapanda, inagonga bati, inashukia chumba cha pili ambako analala mtoto wa darasa la saba. Na sebuleni anakaa bibi yetu, ambaye amevuka miaka sabini na anasikia kwa shida.

Hapo kwa bibi pana sayansi ambayo watu wengi hawaijui. Masikio yanapozeeka, kwa kawaida hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile za masafa ya juu. Sasa, kwenye maneno, irabu kama "a" na "o" zina nguvu na ziko chini, lakini konsonanti kama "s", "f" na "t" ni dhaifu na ziko juu. Ndo maana mzee anakwambia "nasikia unaongea ila sielewi unasema nini". Anasikia irabu, konsonanti zinampita. Ukiongeza feni ndogo inayovuma "shhhh" kando ya TV, mvumo ule unafunika konsonanti kidogo zilizobaki. Kinachofuata unakijua: bibi anaomba sauti iongezwe, sauti inaongezwa, mtoto anaamka. Feni yenyewe haikumwamsha mtoto. Ila ndiyo iliyoanzisha safari.

Kelele tunaipima kwa desibeli, na kipimo hiki hakiendi kama kilo za sukari. Ukiweka feni mbili zinazofanana, hupati desibeli mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu. Na ili sikio lihisi kwamba kelele imekuwa kubwa maradufu, inahitajika nyongeza ya kama desibeli 10. Chumba cha kulala kilichotulia usiku kina kama desibeli 30. Kuna programu za bure za simu za kupimia. Namba yenyewe usiiamini sana kwa sababu maikrofoni ya simu haijasawazishwa, lakini kwa kulinganisha mashine mbili ukiwa umeweka simu palepale, inafaa.

Habari njema iko kwenye tabia ya feni. Hewa inayosukumwa inaenda sambamba na mwendo: punguza mzunguko kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu. Kelele, hata hivyo, inapungua kwa kasi kubwa sana, takriban kwa mwendo uliopandishwa kwenye kipeo cha tano. Nusu ya mwendo ni kama desibeli 15 chini. Yaani ukiweza kuifanya mashine ihitaji nusu tu ya hewa, sikio litahisi kama kelele imebaki theluthi moja hivi. Feni kubwa inayozunguka polepole inashinda feni ndogo inayokimbia kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo usianze kutafuta feni isiyolia. Tafuta mashine isiyotoa joto.

Na joto linatoka wapi, wakati unaangalia muvi tu? Fanya hesabu hii. Picha moja ya muvi ya kiwango cha 1080 ina nukta 1920 kwa 1080, kila nukta baiti tatu. Ukipiga picha 25 kwa sekunde unapata kama megabaiti 155 kila sekunde. Muvi ya masaa mawili ingekuwa zaidi ya terabaiti moja! Lakini wewe umepewa faili la gigabaiti moja na nusu. Limebanwa zaidi ya mara 700. Kila sekunde unayoangalia, kuna kitu ndani ya kompyuta kinalikunjua faili hilo, kikikisia nini kimesogea kutoka picha moja hadi nyingine.

Kazi hiyo inaweza kufanywa na mmoja kati ya wawili. Prosesa inaweza kuifanya kwa programu, kama mtu anayetwanga mahindi kwa kinu: inawezekana, ila jasho litakutoka, na jasho la prosesa ni joto, na joto ndilo linaloamsha feni. Au ifanywe na kipande maalumu cha sakiti kilichojengwa kwa kazi hiyo tu, kama mashine ya kusaga. Kipande hiki kinatumia umeme kidogo sana na prosesa inabaki imelala. Kompyuta ikiwa na sakiti inayoelewa aina ya faili lako, feni karibu utaisahau. Isipokuwa nayo, hata feni ya bei mbaya itavuma.

Ndo maana kabla ya kuuliza bei, angalia mafaili yako. Muvi nyingi unazonakiliwa mtaani ni za H.264, na karibu kompyuta yoyote ya miaka kumi iliyopita ina sakiti yake. Siku hizi zimeingia zile zenye "x265" au "HEVC" kwenye jina, ndogo kwa ukubwa lakini ngumu kukunjua. Hizi ndizo TV nyingi za zamani zinazigomea. Prosesa za Intel za kizazi cha sita, zilizotoka 2015, zinaielewa HEVC ya kawaida. Za kizazi cha saba zinaielewa pia ile ya biti 10, ambayo utakutana nayo sana. AV1, inayotumiwa na YouTube, ilisubiri hadi kizazi cha 11. Kama intaneti yako ni ya bando na hutaangalia YouTube kwenye TV, usilipie AV1.

Kizazi utakijuaje? Soma namba ya prosesa. Kwenye i5-7500T, ile 7 ya mbele ndiyo kizazi (kuanzia kizazi cha kumi zinakuwa tarakimu mbili). Na hiyo "T" mwishoni ni rafiki yako. i5-7500 ya kawaida imepangiwa wati 65, yenye T wati 35. Zinakuja ndani ya viboksi vya mtumba vya maofisini, vidogo kama Biblia kubwa: HP EliteDesk Mini, Dell OptiPlex Micro, Lenovo ThinkCentre Tiny. Kwa dada nilipendekeza kimojawapo, kizazi cha saba, RAM gigabaiti 8. Hata 4 zinatosha kwa muvi pekee, lakini watoto watataka kufungua vitu vingine. Raspberry Pi ni nzuri na inaweza kukaa bila feni kabisa, ila ukishajumlisha chaji, kasha, kadi na kuiagiza hadi Katavi, kwa maoni yangu kiboksi cha mtumba kinakupa zaidi kwa hela ileile.

Kuna njia ya bei ya chini zaidi ambayo watu wanaidharau: laptopu iliyovunjika kioo. Fundi anaiona ni spea, wewe unaona kompyuta kamili yenye HDMI, inayotumia umeme kidogo, na yenye betri. Betri hiyo ina maana kubwa huku kwetu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine haizimiki ghafla na mafaili hayaharibiki. Kagua mambo mawili tu. Kizazi cha prosesa, kama hapo juu. Halafu betri: iweke laptopu juu ya meza iliyonyooka, na kama inachezacheza au pedi ya kipanya imenyanyuka, betri imevimba. Hiyo betri itolewe na isirudi ndani ya nyumba, inaweza kuwaka.

Kelele ya pili inatoka kwenye diski ya kuzunguka. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, na mtikisiko huo wa hezi 120 unaingia kwenye kabati la TV, nalo linakuwa ngoma. Diski yenyewe ni ndogo, haivumi sana. Kabati ndilo linalovuma. Dawa ni SSD kwa ajili ya mfumo, hata ya gigabaiti 120, ambayo haina kinachozunguka. Kwenye laki tatu na nusu ya dada, nilimwambia asiiguse elfu sitini ya SSD hata muuzaji aseme nini. Muvi zikae kwenye diski ya nje, na diski hiyo ikae juu ya vipande vya tyubu ya baiskeli. Mpira laini unakata mtikisiko usifike kwenye mbao. Ni gharama ya sifuri, na mara nyingi tofauti unaisikia palepale.

Tatu ni vumbi. Vumbi jekundu la kiangazi linajaa kwenye mapezi ya kupozea, hewa haipiti, feni inakimbia zaidi kwa kazi ileile. Ongeza na joto la nyumba: kama prosesa inatakiwa isizidi nyuzi 80, nyumba ikiwa na nyuzi 25 una nafasi ya nyuzi 55. Mwezi wa kumi, chini ya bati, nyumba ikiwa na 35, nafasi ni 45 tu. Mashine iliyokuwa kimya mwezi wa sita itaanza kulia mwezi wa kumi bila kuharibika chochote. Kwa hiyo kiboksi cha mtumba kikifika, kifunguliwe kwanza. Toa vumbi kwa brashi au bloa, ukiizuia feni kwa kijiti isizunguke. Futa pesti kavu iliyo juu ya prosesa kwa spiriti, paka mpya, kiasi cha punje ya choroko. Mbele ya tundu la hewa unaweza kuvalisha kipande cha soksi nyembamba ya nailoni, lakini ukioshe kila baada ya wiki mbili. Usitumie kitambaa kizito, utaikaba mashine. Na usiifungie ndani ya kabati.

Halafu umeme, ambao wengi hawauhesabu wanaponunua mnara wa zamani kwa bei ya kutupa. Mnara unaokula wati 90, masaa manne kila siku, ni uniti 10.8 kwa mwezi. Kiboksi kinachokula 15 wakati wa muvi ni uniti 1.8. Kwa mtu anayejibana asivuke uniti 75 za LUKU ili abaki kwenye bei ya chini, uniti tisa si mchezo. Kwa mwenye sola tofauti inauma zaidi. Betri ya volti 12, ampia-saa 50, ukitumia nusu yake ili isife mapema, inakupa wati-saa 300. TV ya sola ya wati 30 pamoja na mnara kupitia inveta: masaa mawili na kidogo, basi. TV hiyohiyo na kiboksi kinacholishwa kwa kibadilishi cha volti 12 kwenda 19 bila inveta: kama sita na nusu kabla ya upotevu mdogo wa kibadilishi. Angalizo, baadhi ya viboksi hukagua kama chaji ni yao, na visipoitambua hujipunguza kasi au hugoma kabisa. Uliza kabla.

Programu ni za bure. LibreELEC inaiwasha mashine moja kwa moja kwenye Kodi na inaendeshwa na rimoti, hiyo ni ya bibi. Ukitaka watoto wasome pia, weka Linux ya kawaida, kisha Kodi na Kiwix, ambayo inakuwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti. Vyovyote vile, hakikisha kwenye mipangilio ya Kodi ukunjuaji wa video kwa sakiti umewashwa. Ukizimwa, prosesa inarudi kwenye kinu.

Sasa siku ya kununua. Iwe Kariakoo au Mpanda, dukani kuna spika na bodaboda, feni hutaisikia hata ikilia. Usitegemee sikio. Nenda na flashi yenye muvi mbili, moja ya H.264 na moja ya x265 ya biti 10. Mwambie muuzaji aziweke, kila moja dakika kumi, na afungue dirisha linaloonyesha matumizi ya prosesa. Ikikaa chini ya asilimia 20, sakiti inafanya kazi. Ikipanda juu ya 60, prosesa inatwanga, hata kama picha inaonekana safi. Wakati huohuo weka kiganja kwenye tundu la hewa: hewa vuguvugu inayotoka taratibu ni sawa, hewa ya moto inayokupiga kama ya pasi mrudishie mashine yake. Kama unanunua kwa kuagiza na mzigo unakuja kwa basi, mwombe akurekodie video ya jaribio hilohilo, dirisha la prosesa likionekana, kabla hujatuma hela.