Kalamu Ilipoyashinda Macho
Tumeitazama tena sinema ya zamani ya mashindano ya gofu ya Masters, yaliyochezwa Augusta, Marekani, mwezi wa Aprili 1968. Katika shimo la 17, Roberto De Vicenzo wa Argentina, aliyetimiza miaka 45 siku hiyo hiyo, anautumbukiza mpira kwa pigo la tatu mbele ya watazamaji wengi. Lakini mchezaji mwenziwe, Tommy Aaron, aliyekuwa akimwandikia hesabu, aliandika mapigo manne. Naye De Vicenzo akatia sahihi bila ya kukagua.

Katika gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi, na hesabu iliyozidi ikishatiwa sahihi haipunguzwi. Basi badala ya kulingana na Bob Goalby kwa mapigo 277 na kurudiana naye kesho yake, De Vicenzo alihesabiwa 278, akashindwa.

Wako wasemao sheria hiyo ilikuwa ya ukatili. Sisi twasema sheria ni msumeno. Linalotugusa zaidi ni kwamba De Vicenzo hakumlaumu mwenziwe wala waamuzi. Alijilaumu nafsi yake hadharani. Ushindi ulimponyoka, heshima haikumponyoka. Nasi tunapoletewa karatasi tutie sahihi, tuisome kwanza.