Bibi Harusi wa Nyoka: Ahadi ya Baba, Akili ya Binti

Manga tunayoizungumzia hapa siyo ile ya Uarabuni iliyotupatia jina la pilipili manga. Ni hadithi za picha za Kijapani, ambazo hufunguliwa kutoka kulia kwenda kushoto kama vitabu vya Kiarabu. Miongoni mwa visa vyake kimo kile cha msichana anayeozwa kwa pepo mwenye umbo la nyoka.

Asili ya kisa hicho ni kongwe. Katika Kojiki, kitabu cha Kijapani kilichokamilika mwaka 712, binti mmoja hutembelewa usiku na kijana asiyejulikana. Wazazi wanamwagiza achomeke sindano yenye uzi katika pindo la nguo ya mgeni. Kulipopambazuka, uzi ulikuwa umepita kwenye tundu la kitasa na kuelekea mlima Miwa, kwenye hekalu la mungu ambaye Wajapani humhusisha na nyoka.

Vijijini husimuliwa kisa kingine. Mkulima ambaye shamba lake la mpunga limekauka anaahidi kumwoza mmoja wa mabinti zake watatu kwa yeyote atakayelitia maji. Asubuhi shamba limejaa, na mdai ni nyoka. Wakubwa wawili wanakataa. Kitinda mimba anakubali ili kumwokoa baba yake. Anaomba vibuyu na sindano tu. Kufika ziwani, anavitupa vibuyu majini na kumtaka nyoka avizamishe kwanza. Nyoka anahangaika na vibuyu visivyozama hata nguvu zinamwishia, na sindano za chuma zinammaliza.

Wachoraji wa leo mara nyingi wameugeuza mwisho huo. Nyoka anakuwa mume mpole, na hofu ya bibi harusi inayeyuka kuwa mapenzi. Picha zinapendeza, lakini upole wa mume unaweza kulifunika jambo ambalo kisa cha kale kililiacha wazi: binti alikuwa malipo ya maji, na ahadi ilitolewa kabla ya yeye kuulizwa.

Basi mzazi akimkuta binti yake na kitabu cha namna hii, asikimbilie kumnyang'anya. Akae naye, wasome pamoja, kisha amuulize: nani aliyetoa ahadi, na nani aliyeilipa? Jibu la binti litamweleza mzazi mengi kuhusu namna anavyoifikiria posa yake mwenyewe, mapema, kabla mposaji hajabisha hodi.