Dereva wa Lori la Majani Naye Ahitaji Usingizi

Kila mkulima wa chai katika Kericho na Bomet ajua kwamba majani mabichi hayangoji. Yakisha kuchumwa na kutiwa guniani huanza kupata joto. Yakishindiliwa na kucheleweshwa hugeuka mekundu, na chai yake haipati bei nzuri kwenye mnada wa Mombasa. Ndiyo maana lori hupita vituoni siku ile ile, mvua inyeshe isinyeshe. Lakini katika lori hilo kuna kitu kingine ambacho huharibika kwa kucheleweshwa, nacho ni nguvu za dereva. Mara nyingi uchovu wake hauanzi barabarani. Huanzia kituoni, mbele ya macho yetu, nasi wakulima twaweza kuupunguza.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua mfano wa dereva aliyeamka saa 11 alfajiri katika msimu wa majani mengi. Ameangalia mafuta, maji, breki na magurudumu, kisha amefanya safari za asubuhi. Saa 8 mchana amefika kituo chetu, lakini wakulima wengine ndio kwanza wanamwaga majani mezani kuyachambua. Dereva angoja. Kituo cha pili njia ina tope, lori lakwama, na saa nzima yapita. Giza likiingia bado ana vituo viwili. Kiwandani akuta malori mengine yamepanga foleni. Saa 4 usiku ndipo apakua gunia la mwisho. Je, amekaa macho kwa muda gani? Saa 17.

Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia walieleza majaribio yao juu ya jambo hili. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mtu aliyekunywa pombe mpaka kiasi cha pombe katika damu yake kikafika sehemu 0.05 katika mia. Katika nchi nyingi kiasi hicho chatosha kumkataza mtu kuendesha gari. Akifikisha saa 24 bila kulala, hali yake huwa mbaya zaidi. Dereva wetu hakuonja pombe hata tone, lakini mikono na macho yake ni kama ya mlevi.

Sheria ya Trafiki ya Kenya imeweka mpaka: dereva wa gari la biashara au la abiria asiendeshe zaidi ya saa 8 kwa jumla katika muda wa saa 24. Sheria hiyo ni njema, lakini yafaa tuielewe sawasawa. Yahesabu saa za kushika usukani. Mwili nao huhesabu saa zote: za kungoja, za kusukuma lori topeni, za foleni kiwandani. Dereva aweza kuwa ameendesha saa 6 tu, na bado asifae kuendesha tena.

Tena mwili una saa yake ya ndani. Kuna nyakati mbili ambazo usingizi humvuta kila mtu: kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi, na tena kati ya saa 8 na saa 10 alasiri. Wakati huo wa alasiri ndio malori yetu huwa njiani, na watoto wa shule huwa wanarudi nyumbani wakitembea pembeni mwa barabara.

Usingizi wa usukani haupigi hodi. Dereva aweza kulala kwa nukta chache tu, na macho yake labda yasifumbe kabisa. Lori liendalo kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Akisinzia sekunde 4, lori limekwenda mita 56 bila dereva, yaani zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Katika nchi tambarare huenda likaishia shambani. Kwetu sisi, njia hushuka mabonde na kupinda, na penye njia panda pana soko.

Twajua kwa uchungu jinsi barabara zetu zisivyosamehe. Zamani watu walisafiri hapa kwa miguu na kwa mikokoteni. Leo ni magari mazito. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 10 Oktoba 2018, basi lililosafiri usiku kutoka Nairobi lilianguka karibu na Fort Ternan, na watu zaidi ya 50 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023, lori kubwa liliwapiga wachuuzi na magari penye njia panda ya Londiani, na watu zaidi ya 45 wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba misiba hiyo ililetwa na usingizi. Twasema kwamba katika barabara za namna hii, dereva ahitaji akili zake zote kila dakika.

Watu wengi wana dawa zao za usingizi: kufungulia redio kwa sauti kubwa, kufungua dirisha, kutafuna miraa. Redio na upepo havisaidii kwa muda mrefu. Miraa humficha mtu uchovu wake, lakini haiuondoi, na ikimwisha mwilini usingizi hurudi kwa nguvu. Hata chai yetu wenyewe, ingawa ina kafeini ya kuchangamsha, huchukua kama nusu saa kufanya kazi, na msaada wake ni wa muda mfupi. Dawa ya usingizi ni kulala. Dereva akiona anapiga miayo mfululizo, anakosea gia, au hakumbuki kilomita chache alizopita, na asimamishe lori mahali salama alale dakika 20, kisha atembee kidogo kabla ya kuondoka. Usiku alale saa 7 au 8.

Sasa, sisi wakulima tufanye nini?

Kwanza, tuchambue majani shambani, wakati wa kuchuma, ili yafikapo mezani yawe majani mawili na chipukizi. Kazi ya mezani iwe ya kukagua tu. Tena tufike kituoni kabla ya lori, si baada yake. Wakulima 30 wakichelewa dakika 2 kila mmoja mizanini, dereva amepoteza saa nzima ya usingizi wake.

Pili, tutengeneze njia za vituo. Kabla ya mvua za masika, wenyeji wa skimu wakutane wazibue mifereji na kujaza mashimo kwa mawe. Siku moja ya jembe na koleo yaweza kuokoa saa nyingi za kukwama topeni.

Tatu, tuulize maswali mkutanoni. Viwanda vya wakulima wadogo, kama Litein, Kapkatet, Momul, Mogogosiek, Kapkoros na Tirgaga, ni kampuni ambazo wakulima ndio wenye hisa. Basi tuna haki ya kuwauliza wakurugenzi tuliowachagua: Je, kuna daftari la saa za kila dereva, tangu anapofika kazini mpaka anapoondoka? Msimu wa majani mengi, kuna dereva wa zamu? Mahali pa kulala pako wapi, mbali na kelele za mitambo? Katika nchi za Umoja wa Ulaya, dereva wa lori kubwa akiendesha saa 4 na nusu sharti apumzike dakika 45, na chombo ndani ya gari huandika saa zake. Kwetu daftari na kalamu vyatosha kuanzia.

Nne, tusimlaumu dereva asemaye, “Nimechoka.” Karani, taniboi na wakulima wamsikilize. Kumwambia “Jikaze, ni vituo viwili tu vimebaki” si kumtia moyo. Ni kumtia hatarini, yeye na kila aliye njiani.

Labda mtu atasema, majani yataharibika. Kweli, gunia moja laweza kuharibika. Lakini lori likianguka bondeni, majani yote yamepotea, lori ni hasara ya kiwanda chetu, na taniboi na dereva wana watoto wanaowangojea. Majani mengine yatachipuka kwa siku chache. Basi kesho tufike kituoni mapema, majani yetu yakiwa yamechambuliwa, ili dereva naye afike kwake mapema akalale.