Nyumba Safi, Lakini Tupu

Katika Mathayo 12:43-45 Bwana alituonya: pepo aliyemtoka mtu alirudi, akaikuta nyumba safi lakini tupu, akaleta wenzake saba.

Ndugu aliyeacha chang'aa ni nyumba hiyo. Kwanza apelekwe hospitali, kwa maana mlevi wa miaka mingi akiacha ghafula aweza kushikwa na kifafa. Lakini akitoka huko, atalala wapi? Hapa Voi, tukimrudisha katika chumba kile kile kando ya kilabu, tumefagia bure.

Huko Unguja, tangu mwaka 2009, watu walioacha heroini wamefungua nyumba za kukaa na wenzao. Huamka pamoja, hufanya kazi za nyumba pamoja, hufuata hatua 12 zilizochapishwa Marekani mwaka 1939. Hatua ya kwanza ni kukiri kwamba peke yako huwezi.

Ndugu Mkristo wa Voi, Wundanyi au Taveta, je, una chumba? Una jembe la kumpa, na nafasi katika sala ya jioni? Mfungulie mlango, ili Kristo akae pale alipotoka pepo. Amina.