Swichi ya Pili Isiwe Pambo

Mkulima wa Madibira hahitaji mhandisi wa kumweleza thamani ya njia iliyonyooka. Shamba la umwagiliaji la huko, lenye hekta zipatazo 3,000 za mpunga, hunyweshwa na mto Ndembera, naye anajua kuwa maji yakizungushwa katika mfereji usiostahili, majaruba ya mwisho hukauka hata kama mtoni maji ni tele. Wala ndugu zetu wa Visiwani hawahitaji kuelezwa hasara ya kutegemea njia moja. Unguja ilikaa gizani mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa kuwa umeme wake kutoka Bara ulitegemea waya mmoja uliolazwa baharini mwaka 1980. Waya mwingine mkubwa ulikuja mwaka 2013.

Kwa sababu hiyo tunaunga mkono ofisi za umma zinazoweka swichi mbili za mtandao badala ya moja. Linalotutia wasiwasi ni dhana kwamba kununua vyombo viwili ndiko kumaliza kazi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, SEACOM na EASSy, ilikatika siku moja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ilikuwa miwili kwa jina, lakini ilipita bahari ile ile.

Ndani ya ofisi kosa hujificha zaidi. Swichi mbili huunganishwa kwa waya wa kati, kisha mambo mawili huamuliwa. La kwanza ni ipi iwe mzizi, yaani ile ambayo njia zote huielekea, njia za ziada zikizibwa ili data isizunguke bila kikomo. Utaratibu huo ulibuniwa na Bibi Radia Perlman wa Marekani mwaka 1985. La pili ni ipi iwe lango la kutokea nje. Mzizi na lango vikikaa katika swichi moja, data hupita njia fupi. Vikitengana, kila stakabadhi hupanda swichi ya kwanza, ikavuka waya wa kati hadi ya pili, ndipo itoke. Hakuna taa nyekundu inayowaka. Waya wa kati ndio hulemewa, na mwananchi aliyesimama dirishani akingoja namba ya malipo huambiwa kuwa mtandao unasumbua.

Kutengana huko hutokea kwa urahisi mno. Kwa kawaida swichi hutoka kiwandani na kipaumbele kimoja cha mzizi, 32768. Zikilingana, hushinda ile yenye anwani ndogo ya kiwandani, ambayo mara nyingi ni kuukuu kuliko zote. Tena, katika kuchagua mzizi hushinda namba ndogo, ilhali katika kuchagua lango hushinda kubwa. Aliyepanga hivyo hakuwahurumia mafundi! Mwenye haraka huandika namba kubwa kote kuwili, akaenda zake.

Wapo wanaogawa kazi, idara hizi zikahudumiwa na swichi ya kwanza na zile na ya pili. Ni busara, mradi kila moja isibebe zaidi ya nusu ya uwezo wake, maana ikifa moja iliyobaki hubeba yote. Swichi za kisasa zaweza kuungana zikaonekana kama moja, na tatizo likapungua, lakini si kila ofisi imefika huko.

Tunawaomba maofisa wanaopokea kazi hizi, Bara na Visiwani, wasitie sahihi kabla mkandarasi hajaonyesha kwa maandishi mzizi na lango la kila mtandao vilipo, na kwamba lango litajiuzulu waya wake wa nje ukikatika. Kisha azime swichi ya kwanza mbele yao, mchana, watumishi wakiwa kazini. Na aiwashe tena wangali wamesimama pale.