Ukuzaji wa Wahusika katika Filamu na Tamthilia za Televisheni za Kiswahili



Miaka mingi iliyopita nilimpunguzia alama mwanafunzi mmoja kwa kosa ambalo leo naona lilikuwa langu. Swali lilimtaka ajadili mhusika wa tamthilia ya televisheni aliyekuzwa vyema. Yeye akamchagua Mzee Ojwang' wa Vitimbi. Nikaandika pembezoni, kwa wino mwekundu, kwamba Ojwang' ni mhusika bapa, kwamba habadiliki tangu kipindi cha kwanza hadi cha mwisho, na kwamba jibu limepotoka. Mwanafunzi hakubishana. Mimi ndiye niliyebaki nikibishana na wino wangu, na ubishi huo ndio ulionileta mbele yenu: tunaposema kwamba mhusika wa filamu au wa tamthilia ya televisheni amekuzwa, tunasema nini hasa?

Istilahi tunazozitumia tulizipata kwa njia ya riwaya. E. M. Forster alipotofautisha mhusika bapa na mhusika duara mwaka 1927, mfano wake ulikuwa riwaya ya Kizungu, ambamo msimulizi ana uwezo wa kuingia kichwani mwa mtu na kutuletea habari za humo. Wahakiki wetu wakazitia istilahi hizo katika Kiswahili, na vitabu kama Uhakiki wa Fasihi cha K. W. Wamitila (2002) vikazieneza madarasani. Sina ugomvi na istilahi zenyewe. Ugomvi wangu ni na namna tulivyozigeuza kuwa mizani ya dukani: bapa ni duni, duara ni bora, aliyebadilika amekuzwa, asiyebadilika ametelekezwa. Mwanafunzi huandika kwamba fulani amekuzwa kwa sababu mwanzoni alikuwa mlevi na mwishoni ameacha pombe, nasi tukampa alama zake zote.

Kuna mambo mawili yanayochanganywa hapa. La kwanza ni mhusika mwenyewe kubadilika. La pili ni ujuzi wetu juu yake kuongezeka, hata kama yeye amesimama palepale. Riwaya huyafanya yote mawili kwa maneno. Skrini haina msimulizi wa namna hiyo, isipokuwa pale inapoazima sauti ya nyuma ya pazia; ina uso, mwili, chumba, kimya na mpangilio wa picha. Jaribio linalohusishwa na Lev Kuleshov wa Urusi, la mwanzoni mwa karne ya 20, lilionyesha kwamba uso uleule wa mwigizaji, ukifuatiwa na picha ya bakuli la chakula au ya jeneza, husomwa na watazamaji kuwa una njaa au una huzuni. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya nafsi ya mhusika wa filamu huandikwa na anayetazama. Kazi ya mwongozaji ni kumpa mtazamaji sababu ya kuiandika.

Hoja yangu, basi, niiseme mapema: mhusika wa kwenye skrini hukuzwa pale tunapomwona akichagua jambo linalomgharimu, na gharama yenyewe tukaiona. Machozi si ushahidi. Wala hotuba ya toba si ushahidi.

Nirudi kwa Ojwang'. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Lakini kwa miongo kadhaa katika televisheni ya taifa ya Kenya alimwigiza mzee mwenye lafudhi nzito ya Kijaluo, na watazamaji wengi wakaamini kwamba ndivyo alivyozaliwa. Lafudhi ile haikuwa pambo la kuchekeshea tu. Ndani yake mlikuwa na umri, kiburi cha baba wa nyumba, woga wa kushindwa na mkewe Mama Kayai, na ujanja wa mtu wa mjini asiyetaka kukiri kwamba mji umemzidi. Kila kipindi kilimweka katika hila mpya na kila hila ilimrudisha alikotoka. Hakubadilika. Lakini sisi tulizidi kumjua, kiasi kwamba akinyamaza tu na kutazama pembeni, tulikwisha kujua uongo unaokuja. Katika ufutuhi, kutobadilika ndiko kunakoleta kicheko, na kumdai Ojwang' apate hekima katika kila kipindi ni sawa na kumdai Sungura wa ngano aache werevu. Mwanafunzi wangu alikuwa amejibu swali. Mimi ndiye niliyekuwa sijalielewa.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi wa Kiswahili kuliko wenzetu wa idara nyingine. Lugha ni chombo cha kwanza cha usawiri, nasi tunakitupa. Katika filamu nyingi za Dar es Salaam tajiri, mganga, binti wa chuo na mlinzi wa getini huzungumza Kiswahili kilekile, kana kwamba wote wamelelewa katika chumba kimoja. Tamthilia ya Maria, iliyoonyeshwa na Citizen TV ya Kenya kuanzia mwaka 2019 hadi 2021, ilifanya vizuri zaidi katika hili: msichana wa mtaa wa mabanda anaingia katika nyumba ya kitajiri na Sheng yake mdomoni, na kila anapofungua kinywa tunajua ni nani mwenyeji na ni nani mgeni. Msamiati wake ulifanya kazi ambayo kurasa tatu za maelezo zingeifanya katika riwaya.

Tamthilia zenye lengo la kuelimisha zina historia yake, na historia hiyo imetuathiri kuliko tunavyokiri. Katika miaka ya 1970 Miguel Sabido wa Meksiko alibuni utaratibu wa kuwagawa wahusika katika makundi matatu: wanaotenda mema, wanaotenda mabaya, na wale wanaoyumba baina ya pande mbili. Utaratibu huo ulifika kwetu. Kenya iliutumia katika tamthilia ya televisheni ya Tushauriane mwaka 1987. Tanzania iliutumia katika Twende na Wakati, mchezo wa Redio Tanzania ulioanza mwaka 1993. Najua kwamba redio si skrini, lakini mfano wake ni mzuri mno kuuacha. Mkwaju, dereva wa lori, alikuwa mhusika mbaya kwa makusudi: mlevi, mzinzi, baba asiyejali. Jina lake likawa kama nomino ya kawaida vinywani mwa wasikilizaji. Lakini aliyekuzwa si yeye, ni mkewe Tunu. Huyu alivumilia, akasita, akaondoka, akaanzisha biashara yake. Msikilizaji alipewa nafasi ya kusita pamoja naye.

Tatizo ni kwamba warithi wa utaratibu huo, hasa katika filamu za video zilizoshamiri Tanzania baada ya mwaka 2003, walichukua makundi mawili ya kwanza na kulisahau la tatu. Tukabaki na wema na wabaya. Na kwa kuwa filamu haina budi kufika mwisho, mbaya akageuzwa mwema kwa amri. Nadhani nyote mnaijua picha ile: mwanamume aliyeitesa familia yake kwa saa nzima analazwa hospitalini au anafilisika, anapiga magoti, analia, muziki unapanda, mke anamsamehe. Mabadiliko yametokea katika giza lililopo baina ya picha mbili. Hatukuona saa aliyoanza kutilia shaka maisha yake, wala jambo alilolipoteza kwa hiari ili awe mtu mwingine. Alichopoteza amenyang'anywa na mtunzi. Kunyang'anywa si kuchagua.

Ni haki, hata hivyo, kueleza kwa nini ilikuwa hivyo. Filamu nyingi zilipigwa kwa siku chache, kwa bajeti ndogo. Mazungumzo yalibuniwa papo hapo na waigizaji waliopewa muhtasari wa tukio tu. Hadithi moja ikagawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili katika diski. Mgawanyo huo wa kibiashara una athari ya kisanaa ambayo wahakiki hawajaipa uzito wa kutosha. Sehemu ya kwanza haina budi kuacha fundo, kwa hiyo mhusika huzuiwa asiamue lolote. Sehemu ya pili haina budi kufungua mafundo yote, kwa hiyo huamua kila kitu kwa mkupuo. Waigizaji hawakukosa kipaji. Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012 akiwa kijana, alikuwa na uso uliojua kubeba aibu bila neno. Mara nyingi muswada ndio haukumpa aibu ya kubeba.

Wapo wanaosema dawa ni muda: tupewe tamthilia ndefu na wahusika watakua wenyewe. Sikubaliani nao. Tamthilia ya kila jioni ina muda tele, lakini ina hofu ya kwisha. Wapendanao hutenganishwa, hupatanishwa na hutenganishwa tena, na kila uamuzi hufutwa wiki ifuatayo ili kesho kuwe na la kuonyesha. Uamuzi unaoweza kufutwa hauna gharama.

Mfano utakaotufaa zaidi ni Vuta N'kuvute, kwa kuwa tunayo riwaya na tunayo filamu. Riwaya ya Shafi Adam Shafi ilichapishwa mwaka 1999; Amil Shivji akaitengenezea filamu, iliyoonyeshwa katika Tamasha la Filamu la Toronto mwaka 2021. Yasmin, msichana wa Kihindi wa Zanzibar ya enzi za ukoloni, anaozwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali. Anamkimbia. Jamaa zake wanamkataa, Mwajuma anampokea, na katika maisha hayo mapya anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru na kusakwa na polisi wa Mwingereza.

Wanafunzi wangu karibu wote huniambia kwamba Denge ndiye aliyekuzwa zaidi, kwa kuwa ndiye shujaa. Mimi naona kinyume. Denge, katika riwaya na katika filamu, ameshaamua kabla hatujakutana naye. Yeye ni nguzo. Uzuri wake ni kwamba hatikisiki, na kwa sababu hiyo wengine hupimwa kwake. Anayekua ni Yasmin, na kila hatua anailipia: anapoteza mume, jamaa, hadhi katika jumuiya yake na starehe ya nyumba yenye vyote. Katika riwaya msimulizi anatueleza hofu yake na tamaa yake. Filamu haina msimulizi huyo, na uamuzi wa Shivji wa kutomletea mbadala wa maneno ndio unaoifanya filamu hii iwe tofauti na nyingi nilizozitaja. Mazungumzo ni machache. Tunamsoma Yasmin kwa jinsi anavyoketi nyumbani kwa Mwajuma, mgeni kwanza na kisha si mgeni, katika vyumba vyenye mwanga hafifu. Kuna yaliyopotea: riwaya ina watu wengi na safari nyingi, na filamu ya saa moja na nusu imelazimika kuwapunguza, nami nakiri kwamba nililikosa tabasamu la mwandishi na porojo za mitaa yake. Lakini gharama ya Yasmin haikupotea.

Nimalizie na filamu ambayo mhusika wake mkuu hana muda wa kubadilika. Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018), kutoka Kenya, inamhusu Jo, mtoto wa miaka tisa anayeugua ugonjwa usiopona na anayependa sinema za mashujaa. Mama yake anamtoa hospitalini ili siku zilizobaki aishi nyumbani. Dada yake Mwix anawashawishi wanakijiji wamfanye Jo aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Tukiuliza kwa mizani yetu ya zamani, Jo hakui: mwanzoni ni jasiri na mwishoni ni jasiri. Ila ujuzi wetu unakua pale inapodhihirika kwamba mtoto hakudanganyika kama tulivyodhani.

Mtu wa kumtazama ni mama. Anataka mtoto apumzike ndani, alindwe, asichoke. Na kila mzazi aliyeko ukumbini humu angetaka hivyo. Kumruhusu atoke nje akacheze filamu na kijiji kizima ni kukubali kwa mikono yake mwenyewe kwamba mtoto hatapona, na pengine ni kupunguza siku ambazo angekaa naye. Hakuna anayemlazimisha. Hapigi magoti, wala hatoi hotuba. Anaacha kuzuia. Ukiipitia filamu kwa haraka ukitafuta tukio la mabadiliko, unaweza usilione, maana limefanyika katika vitendo vidogo vya mama anayejifunza kumtazama bintiye akiondoka.

Mwaka huu swali langu la mtihani limebadilika. Simtaki tena mwanafunzi anitajie mhusika aliyekuzwa vyema. Namtaka anionyeshe picha moja ambamo mhusika angeweza kutenda vinginevyo, na aeleze tulijuaje. Majibu yamekuwa mafupi kuliko zamani, na kuyasahihisha kumekuwa kugumu zaidi.